Kopo la Wifi na Muundi wa Mwanangu

Wewe mama unayesoma, kama ndani ya nyumba yako kuna mtu aliyevunjika mfupa, epua sufuria kwanza ukae. Haya si ya kusimuliwa na jirani. Yamepita kwangu, kwenye mguu wa mwanangu, na mimi nilikuwepo, macho makavu, nikilinda mchana na jioni. Shida ni pale nilipokuwa nikilinda.

Mimi shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo ya daktari nitayaeleza kama nilivyoyaelewa.

Mume wangu ni seremala. Watu wote humwita Fundi, hata mimi. Karakana yake na jiko langu vimeshikana: ukuta mmoja, mlango mmoja, vumbi moja. Nimetoa maranda kwenye mchuzi miaka yote ya ndoa yangu. Mziwanda wetu ni msichana. Tangu akiwa mdogo, akisukuma kigoda sakafuni na kupiga honi kwa mdomo, tulimwita Dereva, na jina likamkaa. Alipokua akajifunza kweli, akapata leseni, na mwenye kiwanda cha mikate akamwambia njoo, gari la kusambazia mikate ni lako.

Hakuwahi hata kuugusa usukani. Kabati la nguo lililoegemezwa ukutani mle karakanani lilimwangukia akiwa anafagia. Mguu wa kushoto, kwenye muundi, mfupa wa chini ya goti, katikati. Alilala pale juu ya maranda, uso umekuwa wa majivu, na neno la kwanza alilolisema halikuwa "nakufa". Alisema, "Mama, ni wa klachi."

Hospitalini tulimpata daktari wa mifupa, kijana mrefu mwenye sauti ya taratibu. Akaunyoosha mguu, akaufunga plasta kutoka gotini mpaka kwenye vidole.

"Asiukanyage," alisema. "Ale vizuri. Na plasta hii naitoa mimi, hapahapa, baada ya kupiga picha."

"Lini?" Fundi akauliza.

"Mfupa wenyewe utasema."

Njiani kurudi Fundi alinung'unika mpaka nyumbani. "Mfupa utasema! Mimi nikimwambia mteja kitanda chenyewe kitasema, si atanipiga na hicho kitanda?"

Mwenye mikate naye akatuma salamu kwamba anasubiri, ila asisubirishwe sana. Mikate hailali, alisema. Kuanzia hapo nyumba nzima ilikuwa inauangalia mguu ule kama watu wanaongoja maji yachemke.

Ndipo wifi akaja na kopo.

Niwaambie huyu wifi, dada yake Fundi. Ana mdomo mtamu na kila mwaka ana biashara mpya. Kulikuwa na mwaka wa mafuta ya nywele. Nywele zangu za mbele zilikwenda na mwaka huo na hazijarudi. Kwa hiyo alipoweka kopo mezani, nililitazama kopo kwanza ndipo nikaitikia salamu.

"Kolajeni," alisema, kama mtu anayetaja jina la mkwe tajiri. "Wifi, hujui wewe. Mfupa wenyewe umejengwa kwa kolajeni. Sasa mtoto kavunjika, asipoinywa ataungwa na nini?"

"Na plasta."

"Plasta ni nguo, wifi! Umeona wapi nguo ikaunga mtu?"

Dereva akacheka. "Shangazi, lete. Mimi nataka klachi yangu."

"Na wewe mwenyewe unainywa?" nikamuuliza wifi.

"Mwaka mzima. Magoti yangu sasa ni ya msichana." Akainuka atuonyeshe. Magoti yakalia kama bawaba ya mlango wa choo. Mimi nilisikia, Fundi alisikia, Dereva alisikia.

Nikalichukua kopo, nikaligeuzageuza. Karatasi yake ilikuwa imebandikwa mshazari, na pembeni, chini yake, ilichungulia karatasi nyingine ya kijani. Nikaanza kuikwangua kwa ukucha.

"Unatafuta nini, wifi?"

"Vumbi."

"Vumbi liko kwa mumeo," akasema, akalivuta kopo, akamkabidhi Dereva.

Nilimtilia shaka tangu dakika ile. Na nilipomwagia maji ya moto kijiko cha kwanza cha unga ule, shaka ikawa na miguu. Harufu ile niliijua. Si ya dawa, si ya chakula. Ilikuwa harufu ya karakana yetu.

Fundi hutumia gundi ya kizamani, ya ngozi. Huja kwa punje za rangi ya asali, naye huzichemsha kwenye kikopo kilichoungua mpaka ziwe nzito, na siku hiyo nyumba yote hunuka ng'ombe aliyeloa. Basi alipotoka kupeleka viti kwa mteja, nikaingia karakanani na vikombe viwili. Kimoja unga wa wifi, kingine gundi ya Fundi, nikavitia maji ya moto vyote. Nikachovya kidole huku, nikachovya kule, nikasugua. Vidole vikanata. Nikanusa. Ningefumba macho nisingejua kipi ni kipi.

Sasa fikiria wewe ni mimi. Mwanao anakunywa gundi ya viti asubuhi na jioni, na anayemletea anamwita "mwanangu".

Jioni nikamwekea Fundi vikombe vyote mezani. "Dada yako anamwuzia mtoto gundi."

Akanusa. Akachovya. Nilitegemea avae shati lake aende kwa dada yake. Badala yake akatulia, kama anavyotulia akiona ubao mzuri.

"Mama watoto," akasema polepole, "gundi yangu inatoka wapi? Ngozi na mifupa ya ng'ombe. Hii kolajeni dada anasema inatoka wapi?"

"Ngozi na mifupa," Dereva akajibu kutoka kwenye godoro lake.

"Basi. Na gundi kazi yake nini?"

"Kuunga viti!" nikamwambia.

"Kwani kiti hakina miguu?" Akacheka peke yake, akaenda zake kuosha mikono.

Hapo ndipo ningemshika. Sikumshika. Nilikuwa nimeshakaza macho kwa wifi, na ukimkazia macho mtu mmoja, wengine wote ndani ya nyumba wanakuwa fenicha.

Nikaanza kuficha kopo. Nililiweka nyuma ya gunia la mkaa, likarudi mezani. Nililiweka juu ya kabati la vyombo, likarudi. Nikasema wifi ana mtu humu ndani. Nikamwangalia kwa jicho baya jirani anayekuja kuomba chumvi, mpaka akaacha kuja. Kikombe cha Dereva nilikuwa nakinusa kabla na baada. Nilimuuliza kila siku, "Unasikiaje?"

"Siumwi, mama. Hata kuwasha kumepungua. Kolajeni inafanya kazi."

"Ni plasta inafanya kazi."

"Wewe na shangazi mtapigana, mimi nitakuwa mwamuzi kwa mguu mmoja."

Na wakati wote huo Fundi alikuwa na mambo yake. Kila akitoka kazini alikuwa anaigonga ile plasta kwa kifundo cha kidole, anaweka sikio, anaitikia kwa kichwa. Siku moja aliniuliza plasta unene wake unafika ubao wa kabati au ni nyembamba zaidi. Nikamwambia sijui, muulize daktari. Siku nyingine nikamkuta anatengeneza kitu cha ajabu, ubao mdogo wenye springi chini, unabonyea na kurudi. Nikauliza ni nini. Akasema ni cha mteja. Sikufuatilia. Mteja gani anaagiza ubao wenye springi? Sikuuliza. Macho yalikuwa kwenye kopo.

Siku yenyewe niliamka nimekata shauri. Nilifunga kijiko cha unga ule kwenye karatasi, nikaitia kwenye pochi, nikasema nakwenda hospitali kumwonyesha daktari. Fundi alikuwa mlangoni pa karakana, ananoa kwa tupa ule msumeno wake mdogo wa meno laini, wa kukatia vipande vyembamba.

"Utarudi saa ngapi?" akaniuliza.

Mume wangu! Tangu anioe hajawahi kuniuliza nitarudi saa ngapi. Huuliza chakula kiko wapi.

"Kwa nini?"

"Aa, basi tu." Akaupuliza msumeno. "Imeshika ile. Nimeigonga leo asubuhi. Imeshika kabisa."

Nikadhani anazungumzia kiti. Langoni nikapishana na wifi anaingia, amejifunga khanga mpya, anatabasamu. "Safari njema, wifi. Usiharakishe, jua kali." Nikajisemea, haya, anakuja kuondoa ushahidi, atalibeba kopo. Nikapiga pochi yangu kwa kiganja. Ushahidi ninao, mama. Nikaondoka najiona mjanja.

Daktari nilimkuta kwenye korido, anatoka chumba kimoja anaingia kingine. Nikamfungulia karatasi palepale. Akanusa, akatabasamu kidogo.

"Mwanangu ananyweshwa hii," nikamwambia. "Shangazi yake anasema mfupa ni kolajeni. Mimi nasema ni gundi."

"Shangazi hakukosea yote," akasema. Tukakaa kwenye benchi. "Mfupa ukivunjika, pale panaganda damu kwanza. Kisha mwili unaanza kusuka nyuzi, unazivusha kutoka ncha hii hadi ncha ile, kama mtu anayesuka kikapu. Nyuzi hizo ndizo kolajeni. Lakini mwili unazisuka wenyewe, kutokana na chakula. Maharage, mayai, samaki, matunda. Unga huu ukifika tumboni unakatwakatwa kama chakula kingine. Haujui njia ya kwenda mguuni."

"Hauendi mguuni?"

"Mama, mtu akila ulimi wa ng'ombe, anazidi maneno?"

Nikamfikiria wifi, nikataka kusema labda.

"Sasa ni gundi au si gundi?"

"Ni ukoo mmoja, vyote vinatoka kwenye ngozi na mifupa. Tofauti ni usafi, na vilivyochanganywa humo. Hiki sikijui, na kama kopo lina karatasi mbili mimi nisingempa mwanangu. Mwachishe. Lakini mimi si hiki ninachokiogopa."

"Unaogopa nini?"

"Haraka." Akachukua karatasi yangu iliyobaki na unga, akaikung'uta, akailaza kama daraja juu ya kalamu zake mbili. "Kipindi hiki cha mwanao pale pameshika. Maumivu yamepungua, anajiona mzima. Lakini pameshika kwa kikapu tu, ndani hakijatiwa saruji. Chokaa ya mwili inakuja nyuma, inaingia katikati ya zile nyuzi kidogokidogo, ndipo panakuwa mfupa. Akipaegemea kabla ya hapo..." Akaiwekea karatasi kidole. "Hapavunjiki, mama. Panapinda."

Yeye aliendelea kuongea, lakini mimi nilikuwa nimebaki kwenye neno moja. Pameshika. Imeshika ile, nimeigonga leo asubuhi.

Wewe hujaishi na seremala, nikueleze. Seremala akiunga mbao kwa gundi huzibana kwenye jiliwa, kile chuma chenye meno mawili na mkono wa kukaza. Hazisogei. Gundi ikishika, hangoji tena. Anagonga ubao kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anafungua jiliwa, na kiti kinakaliwa siku hiyohiyo. Maisha yake yote kazi yake imekuwa hivyo na haijamwangusha. Na mimi ndiye niliyemwekea vikombe viwili mezani nikamwambia, hii ni gundi.

Basi plasta ilikuwa nini machoni pake? Jiliwa.

Msumeno wa meno laini. Unene wa plasta. Ubao wenye springi. Utarudi saa ngapi. Vyote vilinijia kwa pamoja, nikainuka, pochi ikaanguka, sikuiokota. Daktari aliniita, "Mama! Mama!" Mimi nilikuwa nimeshafika getini.

Karakana ilikuwa kimya nilipofika, na kimya kile kilinitisha kuliko kelele ya msumeno. Nikasukuma mlango. Plasta ilikuwa juu ya meza, imepasuliwa sehemu mbili kwa ustadi, kama ganda la karanga. Dereva amekaa kwenye kiti, mguu wa kushoto mweupe, mwembamba, vinyweleo vimelala. Wifi yuko nyuma yake, amemshika mabega. Fundi amepiga goti sakafuni, anashikilia ule ubao wenye springi ulio chini ya unyayo wa mwanangu. Alikuwa amemtengenezea klachi.

"Msibonyeze!" nikapiga kelele.

"Mama, nimeshabonyeza mara moja!" Dereva ananichekea, macho yanang'aa. "Tazama!"

"Sukuma, dereva wangu!" wifi akasema.

Akasukuma.

Watu huniuliza kama nilisikia mlio. Hakukuwa na mlio. Muundi wa mwanangu ulipinda mbele ya macho yangu polepole, kama mshumaa uliosahaulika juani. Kicheko kilimbaki usoni kidogo, kisha uso ukageuka, ndipo akapiga ukelele ambao sitaki kuuandika.

Wifi akaanza kulia. Fundi, maskini, mikono yake ikaenda pale inapokwenda siku zote. Ikaenda kwenye jiliwa.

"Usimguse!" Nikampiga mkono. "Lete mbao mbili na khanga ya dada yako. Mfunge mguu kama ulivyo. Usinyooshe chochote!"

Akamfunga. Fundo likamshinda, likafungwa na wifi.

Hospitalini daktari hakutugombeza, na afadhali angetugombeza. Alitundika picha ukutani kwenye taa, akatuita sote watatu, akaweka kidole kwenye kitu kama wingu jepesi lililozunguka mahali palipovunjika. "Hiki ndicho kikapu," akasema. "Nani aliyetoa plasta?"

"Mimi," Fundi akasema. "Nilidhani imekauka."

"Haikauki, mzee. Inaota." Kisha akasema neno ambalo mimi nalishukuru mpaka leo. "Bahati yenu bado laini. Kilichokubali kupinda kitakubali kunyooka. Mngemwacha akatembea na kupindika huko mpaka saruji iingie, ningelazimika kuuvunja upya na kutia chuma."

Wakamlaza kwa dawa, wakaunyoosha, wakamfunga plasta nyingine. Kikapu kikaanza kusukwa tena pale kilipochanika. Nilimlisha mpaka kooni: mayai, maharage, mapera, machungwa, mpaka akasema, "Mama, mimi ni mgonjwa au ni ghala?" Kila picha nilikwenda naye, na kila mara lile wingu lilikuwa jeupe zaidi, mpaka siku moja daktari akasema sasa huu ni mfupa, akaleta mashine yake akaitoa plasta mwenyewe.

Gari la mikate alipewa mwingine. Kila asubuhi lilikuwa linapita mlangoni kwetu na honi yake, na Dereva anajifunika mto. Sasa anatembea sawasawa, ingawa mimi nikimtazama kwa pembeni naona kona ndogo kwenye muundi ambayo wengine wanasema haipo. Juzi dereva wa mikate aliugua, akaitwa yeye. Alirudi jioni ananuka ngano, akaunyoosha mguu wa kushoto juu ya kigoda akautazama. "Umeshika," akasema. Baba yake akatoka nje, akajifanya anatafuta misumari.

Wifi alikuja kuniomba radhi. Alisema na yeye aliambiwa hivyohivyo na aliyemwuzia, na namwamini, kwa maana yale magoti bado yanalia. Kopo alilisahau kwangu. Nikalitia kwenye maji, karatasi ya juu ikabanduka, nikaiona ile ya kijani yote. Ina picha ya mbwa mnene mwenye furaha, ametoa ulimi. Wifi amekunywa mwaka mzima. Sijamwambia, na wewe usimwambie.

Lakini mama mwenzangu, usije ukasoma haya ukaenda kukagua makopo tu, ukadhani umelinda. Mimi nilikuwa nafukuza paka wa jirani, na aliyekuwa anakwangua mlango alikuwa wa humuhumu, tena anampenda mtoto kuliko mimi. Mwangalie anayekuambia "ameshapona, huoni?" Mwangalie mwenye haraka, hata kama ni wewe. Kama picha haijapigwa, hajapona, hata acheze ngoma.

Wiki hii kijana wa jirani amevunjika mkono akicheza mpira, amefungwa plasta. Fundi amekwenda kumpa pole. Nimesikia amemgonga plasta kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio.

Ule msumeno wa meno laini nimeuweka chini ya godoro, upande wangu.